Jinamizi Halina Jina la Mtu

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki iliyopita. Tunayachapa kama yalivyosomwa, kwa ajili ya wasomaji wetu.)

Ndugu msikilizaji, wiki hii nina barua mkononi. Imeandikwa na mama mmoja mkazi wa Dar es Salaam, ambaye ameniomba nisitaje jina lake wala mtaa wake, nami namheshimu. Mume wake ni dereva wa daladala. Anasema kwamba kwa miezi mitatu sasa mume wake anakabwa usiku. Humsikia akiguna kwa sauti ya ajabu, kama mtu anayejaribu kuita akiwa ndani ya maji. Akiwasha taa humkuta macho wazi, jasho linamtiririka, lakini mwili hausogei. Akimgusa huzinduka, hukaa kitandani akihema, kisha husema: "Yule bibi amekuja tena. Amenikalia kifuani."

Barua inaendelea. Nyumbani kwao anaishi shangazi wa bwana huyo, mtu mzima, mjane, aliyeletwa kutoka kijijini awasaidie kulea watoto. Majirani wameshaanza kunong'ona. Cherehani ya mama huyu imeshauzwa ili kumlipa fundi, yaani mganga, na fundi amesema atakuja mwisho wa mwezi, mama atakapopokea zamu yake ya upatu, ili awaonyeshe mhusika. Mama ananiuliza: "Je, ni kweli shangazi anaweza kumfanyia mume wangu hivi? Watoto wanampenda. Lakini mimi nimeanza kuogopa kula anachopika."

Barua hii niliisoma mara mbili, nikaiweka mezani, nikanyamaza. Jambo hilo silijui kwa kusimuliwa. Nilikabwa mimi mwenyewe, na nikakaribia kumponza mtu asiye na hatia. Kwa hiyo leo, badala ya kumjibu mama huyu kwa maneno ya vitabuni peke yake, nitaanza na aibu yangu.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana, naishi Magomeni na kaka yangu, chumba kimoja, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani kwa nyuma. Nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha nguo. Wiki moja nilikuwa zamu ya asubuhi, wiki ya pili zamu ya mchana, wiki ya tatu zamu ya usiku. Nikiwa zamu ya usiku nilirudi nyumbani saa moja asubuhi wakati wenzangu ndio wanafagia uwanja. Nalala saa mbili, bati limeshaanza kuwaka jua, watoto wanacheza chini ya dirisha, redio ya jirani inaimba, muuza mkaa anapita akinadi. Nikipata saa tatu za usingizi nashukuru. Nilikuwa nalala chali, kifua wazi, kwa sababu ya joto.

Siku moja, mchana kweupe, nikaamka. Nasema nikaamka kwa sababu nilikiona chumba vizuri kabisa: bati juu, chandarua kimefungwa fundo, shati langu limening'inia msumarini. Nikataka kugeuka, sikuweza. Nikataka kuinua kidole, kidole hakikuitika. Kisha nikajua kwamba chumbani kuna mtu. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini nilisikia ndala zikiburuza sakafuni, pole pole, zikija kitandani. Halafu uzito ukashuka kifuani. Pumzi ikawa ndogo. Nikajaribu kumwita kaka, ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Na juu yangu, msikilizaji, nikaona uso. Ulikuwa uso wa bibi aliyepanga chumba cha uani.

Ikakatika ghafla, kama kamba iliyokuwa inavutwa. Nikaruka kutoka kitandani. Chumbani hapakuwa na mtu.

Bibi huyo alikuwa mjane. Asubuhi alikaanga vitumbua barazani, na sisi wote tulikuwa wateja wake, wengine kwa fedha, wengine kwa mkopo. Hakuwa na ugomvi na mtu. Lakini jambo lile lilinirudia mara ya pili, kisha mara ya tatu, yote katika wiki mbili za zamu ya usiku, maana mwenzangu mmoja alikuwa mgonjwa nikalazimika kushika zamu yake. Mara ya tatu ndipo nilipofanya kosa. Nilikwenda bombani asubuhi, nikiwa na macho mekundu kwa uchovu, nikawaambia watu waliopanga ndoo: "Bibi wa uani ananikaba."

Sentensi moja tu hiyo. Ilichukua siku mbili kuzunguka mtaa mzima. Siku ya kwanza vitumbua vilibaki nusu. Siku ya pili vilibaki vyote. Niliona mtoto akitaka kumwamkia, mama yake akamvuta mkono. Asubuhi ya siku ya tatu mlangoni kwake pakakutwa pamemwagwa majivu. Na jioni yake vijana wa kijiweni walikuwa wanasema wazi kwamba bibi huyo atolewe usiku ule, kwa hiari au kwa nguvu.

Kaka yangu aliposikia hivyo hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka kwa mzee mmoja wa nyumba ya pili, mganga msaidizi mstaafu aliyefanya kazi katika hospitali za serikali miaka mingi. Mzee alinikalisha kwenye mkeka, akaniuliza maswali kama anayejaza fomu. Unalala saa ngapi? Unaamka saa ngapi? Unalala chali au ubavu? Jambo hili lilianza lini? Je, wiki za zamu ya asubuhi linakuja?

Nikafikiri. Nikahesabu kwa vidole. Wiki za zamu ya asubuhi halikuwahi kuja hata mara moja.

Mzee akatabasamu. "Sasa mwanangu, mchawi gani huyu anayefuata ratiba ya kiwanda chenu?"

Kaka yangu alicheka. Mimi sikuweza kucheka. Mzee akainuka, akachukua bakora yake, akasema twende kwa Bibi sasa hivi kabla giza halijaingia.

Tulimkuta amekaa kitandani, mlango umefungwa kwa komeo. "Shikamoo Bibi," nikasema. Alikaa kimya kidogo, kisha akaitika: "Marahaba, mjukuu wangu." Mzee akaeleza yaliyotuleta. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akanitazama mimi. "Hilo ni jinamizi," akasema. "Mimi lilianza kunijia nikiwa mwari. Alipofariki mume wangu lilinijia karibu kila wiki. Nilikuwa namwona yeye mwenyewe, marehemu, amesimama miguuni pangu, kisha ananilalia kifuani sipumui. Je, niseme marehemu alikuwa mchawi? Nilisema nimechoka, mjukuu wangu. Nilisema nina majonzi."

Sikuwa na la kujibu. Kesho yake alfajiri nilikaa naye barazani, nikala vitumbua mbele ya watu, na kila aliyepita nilimwambia kwamba nilikosea. Mzee alikaa upande wa pili na bakora yake. Vijana wa kijiweni walipita, wakatazama, wakaenda zao. Yakaishia hapo. Lakini nikwambie ukweli: yapo majirani ambao hawakununua tena kitumbua cha Bibi mpaka siku alipohama. Neno likishatoka bombani halirudi ndani ya ndoo.

Sasa msikilizaji, jinamizi ni nini? Kiswahili chetu kina neno lake tangu zamani, na kuwa na neno ni dalili kwamba waliotutangulia walilijua vizuri. Siku hizi wataalamu wa usingizi nao wanalijua, na maelezo yao hayana fumbo kubwa.

Usingizi wa mtu si kitu kimoja tangu kulala hadi kuamka. Unakwenda kwa mizunguko, kila mzunguko karibu dakika 90. Katika kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho yanachezacheza chini ya kope na akili inaota ndoto nzito. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1953 na watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, mwanafunzi Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman. Baada yao, mwaka 1959, mtafiti Michel Jouvet wa mjini Lyon, Ufaransa, alionyesha kwa paka kwamba katika kipindi hicho misuli ya mwili hulegea kabisa. Baadaye ilionekana kwamba paka aliyeharibiwa sehemu ndogo ya shina la ubongo, ile inayofunga misuli, huinuka akiwa bado usingizini na kuanza kuwinda panya asiyekuwapo.

Hapo ndipo penye siri. Mwenyezi Mungu ametuwekea komeo. Tunapoota tunakimbia, tunapigana, tunaruka kutoka juu ya miti, na kama mwili ungefuata ndoto tungeumizana na kuvunja vitanda. Kwa hiyo ubongo unaufunga mwili. Haufungi macho, na haufungi ule msuli mkubwa ulio chini ya mapafu, ambao ndio unaoendesha pumzi. Vingine vingi vinalala.

Kwa kawaida mtu akiamka, komeo na akili hufunguka pamoja. Lakini mara nyingine akili hutangulia. Inaamka, inafungua macho, inaona chumba, na mwili bado umefungwa. Na ndoto nayo haijamalizika, kwa hiyo inaendelea kuchezwa ndani ya chumba hicho hicho unachokiona. Unataka kuvuta pumzi ndefu, misuli ya kifua haikutii, unahisi umekandamizwa. Ubongo unaona umenaswa, unapiga king'ora cha hatari, na king'ora kikilia lazima adui apatikane. Basi unamtengeneza adui. Kama dirishani kuna sauti, nayo inaingizwa humo humo. Zile ndala nilizozisikia zilikuwa kweli ndala za Bibi. Alikuwa anapita nje kwenda kuchota maji. Ubongo wangu ulizichukua nje ukazileta kitandani, na ukampa mgeni wangu uso wa mwenye ndala.

Hali hiyo huchukua sekunde chache, au dakika moja mbili, ingawa anayekabwa huona kama saa nzima. Kisha komeo linafunguka lenyewe. Jinamizi lenyewe haliui.

Na wala haliwapati watu wa Magomeni peke yao. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Marekani, Brian Sharpless na Jacques Barber, walikusanya pamoja tafiti 35 zilizohusu watu zaidi ya 36,000 wa nchi mbalimbali. Waliona kwamba katika kila watu 100 wa kawaida, karibu 8 wamewahi kukabwa angalau mara moja. Kwa wanafunzi ni karibu 28 katika kila 100. Jiulize, msikilizaji, kwa nini wanafunzi wawe wengi hivyo? Je, wachawi wana ugomvi na shule? Mwanafunzi anakesha na vitabu, analala ovyo, ana wasiwasi wa mitihani. Jibu ndilo hilo.

Kila taifa limelipa jinamizi sura ya kwake. Wajapani huliita kanashibari, yaani kufungwa kwa chuma. Watu wa Newfoundland, kule Kanada, husema ni bibi kizee anayekalia vifua vya watu. Uingereza, mchoraji Henry Fuseli alichora mwaka 1781 picha iliyopata sifa kubwa: mwanamke amelala chali, na juu ya kifua chake amechuchumaa kishetani kidogo. Na zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, tabibu mmoja wa Kiajemi, al-Akhawayni wa Bukhara, aliliandika katika kitabu chake cha tiba. Yeye alidhani ni mvuke unaopanda kutoka tumboni kwenda kichwani. Kuhusu mvuke alikosea, lakini ona busara yake: alilitafuta ndani ya mwili wa mgonjwa, hakulitafuta katika nyumba ya jirani.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna somo letu wenyewe, nalo ni chungu. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi, hofu ya Popobawa ilizuka Pemba, ikavuka hadi Unguja, ikafika mpaka Dar es Salaam. Wenye umri wanakumbuka. Watu waliacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, moto ukiwaka katikati, wakiogopa kukabwa na kudhalilishwa. Mengi waliyoyasimulia ndiyo hayo niliyokueleza: mtu ameamka, haoni njia ya kupiga kelele, hawezi kusogea, kitu kizito kiko juu yake. Ilisemekana pia kwamba aliyepatwa ni lazima aseme hadharani, la sivyo atarudiwa. Basi kila aliyepatwa alisema, na kila aliyesikia alilala na hofu, au hakulala kabisa. Na asiyelala, kama tulivyoona, ndiye anayekabwa. Hofu ikawa inajizalisha yenyewe.

Sisemi kwamba kila kilichosimuliwa mwaka ule kilikuwa jinamizi. Lakini jambo moja si la kubishaniwa. Huko Unguja, mwaka huo wa 1995, kundi la watu lilimuua mtu mmoja kwa kumdhani ndiye Popobawa. Alikuwa mtu mwenye ugonjwa wa akili, aliyekuja kisiwani kutafuta tiba. Mwaka 2007 uvumi ule ule ukarudi Dar es Salaam, na watu wakaacha tena vyumba vyao. Na kule kwetu bara, mikoa ya Mwanza na Shinyanga, tumezika vikongwe wengi waliouawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jiko walilotupikia tukiwa watoto.

Ndiyo maana nasema hatari ya jinamizi haiko usiku. Iko asubuhi, mtu anapofika bombani na kutaja jina.

Sasa niseme na wewe unayekabwa, maana hofu yako ni ya kweli, na sitaki mtu aidhihaki. Ukijikuta umefungwa, la kwanza jikumbushe jina lake. Sema moyoni: hili ni jinamizi, nimeshalisikia, litaondoka. La pili, usipigane nalo kwa mwili mzima. Ukijitahidi kuruka kwa nguvu zote hofu inaongezeka, na kifua kinazidi kubana. Pumua pole pole, pumzi fupi za kawaida, maana pumzi hiyo ipo wala haijakatika. La tatu, chagua kiungo kimoja kidogo, kidole gumba cha mguu, au ncha ya ulimi, ukijaribu kukichezesha hicho tu. Mara nyingi komeo huanza kuachia hapo. Kama una dua yako au sala yako, isome. Mtu aliyetulia hutoka upesi kuliko mtu aliyetaharuki, na wengi wetu hatuna kinachotutuliza kuliko sala.

Ukishazinduka usirudi kulala chali pale pale. Kaa, washa taa, kunywa maji, tembea hatua chache, kisha lala ubavu. Watu wengi hukabwa wakiwa chali. Na kama una mwenzako kitandani, mweleze mchana, mkiwa na akili zenu, kwamba akikusikia unaguna akuguse bega na kukuita jina. Kuguswa humtoa mtu haraka.

Lakini dawa kubwa ni usingizi wenyewe. Mji huu umeufanya usingizi kuwa kitu cha mabaki, tunachokula baada ya kila kitu kingine. Mlinzi anakesha lindoni, mchana anafanya kibarua. Muuguzi anatoka zamu ya usiku anakwenda sokoni. Mwoka mikate anaamka saa nane usiku. Kijana ana kazi ya kutwa, na usiku simu iko usoni mpaka macho yanauma. Kama unaweza, lala na kuamka saa zile zile kila siku. Kama kazi haikuruhusu, basi linda zile saa chache ulizo nazo: ziba dirisha kwa kitambaa cheusi, waombe watu wa nyumbani wapunguze kelele, usilale na pombe kichwani, punguza chai ya rangi na kahawa karibu na kulala. Na mwenye majonzi au deni au ugomvi moyoni atafute mtu wa kumwambia, maana moyo wenye mzigo hulala vibaya.

Yapo mambo ambayo hayatoshi kwa ushauri wa redioni. Kama unakabwa mara kwa mara mpaka unaogopa kitanda. Kama mchana unashikwa na usingizi ghafla, hata ukiwa unakula au unazungumza. Kama magoti hulegea unapocheka sana. Kama mwenzako anasema unakoroma kisha pumzi inasimama kwa muda: nenda hospitali, umweleze daktari hayo yote kwa utaratibu. Hapo huenda kuna ugonjwa wa usingizi unaohitaji kutazamwa, na yapo matibabu.

Narudi kwako sasa, mama uliyeniandikia. Umeniambia mengi katika barua yako, lakini kuna mstari mmoja ambao huenda uliuandika bila kuufikiria. Umeandika kwamba mume wako hutoka nyumbani saa kumi alfajiri na hurudi saa tano usiku, siku saba za wiki, kwa sababu hesabu ya tajiri imepanda. Akishakula na kuoga ni saa sita. Kwa hiyo mume wako analala saa tatu na nusu, mama. Saa tatu na nusu ndizo nilizokuwa nalala mimi mwaka 1986.

Ungekuwa karibu ningekuuliza maswali yale ya mzee wangu. Lilianza lini? Umesema miezi mitatu. Hesabu ilipanda lini? Shangazi aliletwa lini? Kaa na mume wako mhesabu pamoja. Kama shangazi alikuwapo mwaka mzima na jinamizi limeanza hesabu ilipopanda, mmeshampata mhusika bila ya fundi. Na nikuambie jingine linalonitia hofu kuliko bibi yeyote wa usiku: mtu huyo aliyelala saa tatu na nusu, alfajiri anashika usukani na nyuma yake wamekaa watu thelathini. Hilo pia mzungumze. Apate hata siku moja ya kupumzika kwa wiki, apate deiwaka wa kumpokea mchana. Fedha ya upatu unayotaka kumpa fundi, inaweza kuziba pengo la siku hizo. Au ikurudishie cherehani yako.

Na shangazi, mama, usimwache alale na mlango wa komeo. Mtoto akimwamkia, usimvute mkono. Mwulize siku moja mkiwa jikoni kama naye amewahi kukabwa. Pengine atakucheka, akuambie lilimjia zamani, tangu hujazaliwa. Kisha kaa ule alichopika.

Mimi nilipata bahati. Nilikuwa na kaka aliyenishika mkono, na mzee aliyejua kuuliza kabla ya kuhukumu. Bila wao wawili, usiku ule vijana wangekwenda uani, na mimi leo nisingekuwa na uso wa kusema nanyi. Kila mtaa una vijana wa kijiweni. Tuombe kila mtaa uwe pia na mzee mwenye bakora na maswali. Na kama huo wako hauna, basi uwe wewe.

Kwa leo naishia hapa, msikilizaji. Geuka ubavu, ulale salama.